Mwalimu Hermelinda na Kiti cha Aliyefika Jana

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha, Mwalimu Hermelinda Quirós Badilla anastaafu Ijumaa tarehe 12 Desemba 2025. Aliingia Shule ya Ufundi ya Boca Zapotal mwezi Februari 1992 akiwa mwalimu wa Kihispania. Anaondoka akiwa mwalimu wa utangazaji na picha za video, na mama wa taarifa ya habari ya saa sita mchana ambayo mji mzima huitazama kwenye televisheni ya kebo. Magoti yake yamechoka. Sauti yake, ambayo zamani ilifika hadi kwenye mabanda ya kuku ya darasa la kilimo, siku hizi inakauka kabla ya kipindi cha nne. Amestahili kupumzika na hakuna anayebisha.

Wasifu huu wa jarida la shule, utakaosomwa kwenye sherehe ya kumuaga, ulikuwa uandikwe na mwalimu wa fasihi, na kweli aliuandika, ukapendeza. Mwalimu Hermelinda aliusoma akiwa amesimama, akaurudisha. Alisema mambo mawili. La kwanza, mafuriko hayamo, na kama mafuriko hayamo basi asisomewe kitu, afungiwe kipande chake cha keki akale nyumbani. La pili, umeandikwa kwa ajili ya wenyeji. "Mpeni Toribio aandike," alisema. "Akiandika yeye, hata aliyeshuka basi jana ataelewa."

Ndiyo maana ukurasa huu umeandikwa na mtu wa ufagio, aliyeishia darasa la nne ng'ambo ya mpaka, huko Nikaragua. Mwalimu wa fasihi amenisahihishia nukta na vituo, namshukuru. Mambo yenyewe aliahidi hatayagusa. Na jambo kubwa nalisema mapema, ili anayesoma akiwa na haraka asilikose: Mwalimu anaacha nyuma kiti kimoja cha plastiki, cheupe, chenye mguu uliofungwa waya, na mpaka leo hatujui kama Februari kutakuwa na mtu wa kukikalia.

Darasa la video lilianza mwaka 2003. Kamera ya kwanza ilinunuliwa kwa mauzo ya tamale, ule unga wa mahindi unaopikwa ndani ya majani ya migomba, kwenye sherehe ya parokia, na ilikuwa kuukuu tayari siku iliponunuliwa. Chumba walichopewa kilikuwa ghala la mbolea. Mwalimu alibandika trei za mayai ukutani ili sauti isirudi, akapaka rangi, akachoma mkaa na magome ya mchungwa, lakini harufu ya mbolea haikutoka. Kwa mwaka mzima watangazaji wa kwanza wa Boca Zapotal walisoma habari wakipiga chafya. Wazee mjini walidhani ndiyo mtindo mpya wa televisheni.

Maandishi ya msomaji yaliandikwa kwa kalamu nene kwenye maboksi ya mananasi, mwanafunzi mmoja akiyashika chini ya kamera na kuyabadilisha moja baada ya jingine. Upepo ulipoharibu sauti, Mwalimu alivua soksi yake ya kijivu mbele ya darasa, akaivalisha maikrofoni, akaendelea kufundisha na soksi moja. Soksi ile bado inafanya kazi. Imefuliwa, tusiogope.

Masomo yake yalikuwa machache, na aliyarudia mpaka yakaingia mwilini. Vaa hedifoni kila wakati, kwa sababu jicho husamehe lakini sikio halisamehi. Usiivutevute picha karibu, sogea wewe kwa miguu yako. Mtu akizungumza, piga picha mikono yake pia, maana mikono haijui kuigiza. Ukishabonyeza kitufe, hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kukata. Mtu asiyefundisha hawezi kujua inavyochosha kumwambia binadamu ahesabu hadi kumi, mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka wanakuja wapya wanaoishia nne. Nikipita na ndoo yangu nilikuwa naisikia sauti yake dirishani: "Saba, nane... Nani kakata? Nimeuliza, nani kakata?"

Kuna kisa ambacho wengi wetu tunakikumbuka. Keilor, mwanafunzi wa mwaka wa nne, alitumwa kumhoji bibi mmoja jirani yake, ajuza wa miaka tisini, kuhusu zamani za reli. Alikaa naye asubuhi nzima. Aliporudi, ikaonekana hakubonyeza kitufe cha kurekodi. Kijana aliomba asamehewe, aandike kwa kichwa tu.

"Rudi," alisema Mwalimu.

"Mwalimu, nitamwambia nini yule bibi?"

"Mwambie kweli. Mwambie ulisahau kitufe."

Keilor akarudi, uso chini. Ajuza alimsikiliza, akamkaribisha kahawa, akasema, "Afadhali, mjukuu wangu. Mara ya kwanza nilikudanganya kidogo, nilikuwa sijakuzoea. Leo washa hicho kidude, nikwambie yaliyotokea." Habari ile ilishinda mashindano ya shule za mkoa, na kikombe chake kimo kabatini, ndimi ninayekifuta vumbi.

Sasa mafuriko.

Kwa aliyefika jana: mjini kwetu nyumba hazina namba na mitaa haina majina. Watu huelekezana kwa kutaja kitu, kisha mita, kisha upande. Mita mia ni mtaa mmoja, hata kama mtaa wenyewe ni mrefu kama mateso. Na kile kitu kinachotajwa, mara nyingi hakipo. Kiliungua, kilibomolewa, kilihama. Wenyeji hawaoni shida, kwa sababu kwao bado kipo.

Jumanne moja ya Novemba 2014 mto Zapotal ulianza kupanda baada ya mvua ya siku nyingi. Simu zilikatika. Kamati ya dharura ikatuma mtu shuleni, ikaomba taarifa ya saa sita iwaambie watu wa sehemu za chini wahame. Mwalimu aliandika tangazo mwenyewe, mbio mbio, kwenye boksi la mananasi. Msomaji wa siku hiyo alikuwa Yorleny Chavarría, msichana wa mwaka wa tano, sauti yake nzuri kuliko zote. Alisoma bila kujikwaa: wakazi wote wa sehemu za chini wahamie uwanja wa juu mara moja, mita mia mbili kaskazini ya kiwanda cha maziwa.

Kiwanda cha maziwa kilibomolewa kabla Yorleny hajazaliwa. Hata yeye hakuwahi kukiona. Lakini alijua kilipo, kama kila mtoto wa hapa, na hakuna aliyefikiri kwamba kuna asiyejua.

Sisi hatukujua. Wakati huo mimi nilikuwa kibarua kwenye mashamba ya mananasi, na tulikuwa bwaloni kwenye kambi ya vibarua, watu kama thelathini, tunakula wali na maharage huku maji yameshafika kizingitini. Televisheni ilikuwa juu ya friji. Evaristo Potoy, Mnikaragua mwenzangu wa mji wa Chinandega, aliyelala kitanda cha juu yangu, aliacha kutafuna.

"Kiwanda cha maziwa ni kipi?"

"Si pale kwenye matangi, ng'ambo ya kidaraja?" mmoja akajibu.

"Pale ni bondeni, wewe."

"Bondeni sijui nini, msichana kasema maziwa. Unajua kuliko televisheni?"

Pale kwenye matangi palikuwa kituo kipya cha kukusanyia maziwa ya wafugaji, kando kabisa ya mto. Tulichukua mabegi tukaenda kwenye maziwa. Wenyeji walikuwa wanapanda mlima, sisi tunashuka. Tulipishana na familia moja iliyobeba kuku na godoro. Walitutazama, tukawatazama. Walidhani tuna kazi huko. Tulidhani wamesahau kitu.

Kidaraja kilichukuliwa na maji nyuma ya migongo yetu. Tukapanda paa la kituo. Evaristo alikuwa wa mwisho, akateleza, mguu wake ukabanwa kati ya tangi na ukuta, na mfupa ukavunjika. Tulimvuta juu kwa mikanda ya suruali. Tukakaa pale mvuani mpaka mashua ya kamati ilipofika alasiri.

"Toribio, ndugu yangu," alisema Evaristo akiwa amelala kwenye bati, midomo ya bluu, "hawa watu wanaelekezana kwa marehemu."

"Nyamaza, tunza nguvu."

"Nife bila kulalamika? Mimi ni mtu wa Chinandega."

Hakuna aliyekufa. Naiandika mapema sentensi hii kwa sababu najua Mwalimu, atakaposomewa, atakuwa anaingoja, ingawa anaijua tangu siku ile ile.

Yaliyofuata shuleni mimi sikuyaona, nimeelezwa na Yorleny mwenyewe, na amenipa ruhusa. Siku ya pili yake, habari za paa zilikuwa zimeshafika kila mahali. Yorleny alikuwa amejifungia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kando ya ofisi, analia. Mkuu wa shule wa wakati huo alimwita Mwalimu ofisini, mlango ukabaki wazi.

"Mtoto alijikwaa kusoma," alisema mkuu. "Tutasema hivyo, yataisha. Mtoto hafukuzwi na mtu."

"Mtoto alisoma nilichoandika," alijibu Mwalimu. "Hakuongeza, hakupunguza. Mkitaka mtu wa kubeba, nibebesheni mimi. Mgongo wangu mpana."

"Hermelinda, watatufungia matangazo."

"Basi watufungie tukiwa tumesema kweli."

Akaenda kumgongea Yorleny mlango. Hakumbembeleza. Alimwambia, "Toka, mwanangu, leo unashika kamera. Nahitaji mkono usiotetemeka." Yorleny anasema mkono ulitetemeka vibaya, lakini kamera ilikuwa juu ya miguu yake mitatu, haikuonekana.

Saa sita mchana Mwalimu alikaa mwenyewe mbele ya kamera, bila poda, nywele hazijakauka. Alisema jana aliwaelekeza watu kwa kutaja kitu ambacho hakipo. Wenyeji walifika, wageni walikwenda mtoni. Kosa ni la mwandishi wa tangazo, jina lake ni Hermelinda Quirós, na msomaji hana kosa lolote. Kisha akanyamaza, na Yorleny nyuma ya kamera akahesabu hadi kumi kabla ya kukata. Wanaosema zile sekunde zilikuwa ndefu kuliko mafuriko wanasema kweli.

Ofisi ya juu ilifungia matangazo mpaka mwaka mpya wa masomo. Yeye walimpa onyo. Hakukata rufaa.

Jumapili iliyofuata tulimwona akija kambini kwa miguu, mabuti ya mpira mpaka magotini, sufuria ya tamale mikononi na hedifoni shingoni, nadhani alizisahau hapo. Hatukumjua kwa uso ila kwa televisheni. Mmoja akasema kwa sauti ya kutosha kusikika, "Huyo ndiye wa maziwa."

"Ndimi," alisema. "Sikuja kurekodi. Nimekuja kuuliza."

Akageuza ndoo, akaikalia karibu na kitanda cha Evaristo. Mguu wa Evaristo ulikuwa ndani ya plasta. Akasema, "Mwalimu, mlitupeleka kwa marehemu."

"Ndiyo. Sasa niambie. Ungeelekezwaje, ungefika?"

Evaristo hakufikiri hata kidogo, alikuwa amelifikiria siku zote zile. "Ningeambiwa: mpe mto mgongo, fuata barabara ya lami mpaka uone nguzo za taa za uwanja. Basi."

"Rudia."

"Mpe mto mgongo. Fuata lami mpaka uone nguzo za taa."

Mwalimu alirudia maneno yale kwa midomo bila sauti, kama mtoto anayejifunza sala. Kisha tukala tamale. Zilipungukiwa chumvi, na mpaka leo ndivyo zilivyo, kila mmoja wetu ana udhaifu wake.

Evaristo alirudi kwao na mguu mmoja mfupi kidogo, na hakuweza tena mananasi. Ni fundi wa viatu sasa, na kila Desemba Mwalimu humpigia simu. Mimi nilibaki. Shule ilipotafuta mtu wa kufagia, Mwalimu alinitaja.

Februari 2015 matangazo yalifunguliwa, na siku ya kwanza wanafunzi walikuta mambo mawili mapya studio. Juu ya mlango yameandikwa maneno ya Evaristo: Mpe mto mgongo. Na kando ya meza ya msomaji pamewekwa kiti cha plastiki. Hicho ndicho Kiti cha Aliyefika Jana. Sheria yake ni moja. Hakuna habari inayokwenda hewani kabla haijasomewa mtu asiyeujua mji. Akisema "Sijaelewa," inaandikwa upya. Haijalishi zimebaki dakika ngapi.

Mtu wa kwanza kukikalia nilikuwa mimi. Niseme wazi kwamba sikuwa na ujuzi wowote. Nilipata heshima ile kwa sababu ya kutojua, na sidhani kuna kazi nyingine duniani inayotoa heshima hivyo. Nilikuwa nimeamka kabla ya jogoo, nimekata majani, nimepiga deki vyoo, na robo saa kabla ya saa sita nakaa kwenye kiti, miguu inawaka moto, nasikiliza. Mara nyingine nilisinzia, na Mwalimu akawaambia wanafunzi, "Habari yenu inalaza. Anzeni na sentensi ya pili."

Wanafunzi mwanzoni walinichukia, na nawaelewa.

"Moto ulizuka mita hamsini kutoka kwa Chepe..."

"Sijaelewa. Chepe yupi?"

"Don Toribio, hata wewe! Chepe kinyozi!"

"Bado anakata nywele?"

"Alikufa zamani."

"Andika upya," Mwalimu husema, bila kuinua kichwa.

"Mwalimu, huyu mzee anafanya makusudi!"

"Akifanya makusudi, ndiyo bora zaidi. Andika upya."

Hivyo ndivyo vijana wa Boca Zapotal walivyojifunza kazi. Shule nyingine zina kamera nzuri kuliko zetu, zina taa, zina kitambaa cha kijani cha nyuma. Sisi tuna soksi na kiti. Lakini mafuriko ya mwaka 2018 yalipokuja, na mto ukapanda zaidi ya mara ile, kambi nzima ilikuwa uwanjani kabla ya kidaraja kipya kufunikwa. Tangazo lilikuwa sentensi tatu. Nililielewa mara ya kwanza tu.

Nilikaa kwenye kiti kile miaka minne hivi. Siku moja msomaji alisoma habari ya ajali ya pikipiki, mita mia kusini ya sinema. Nikatikisa kichwa kukubali. Mwalimu akavua hedifoni.

"Toribio. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Sinema iko wapi?"

"Haipo. Ilikuwa hapo penye duka la matairi."

Darasa zima likacheka. Mwalimu akaniangalia kwa masikitiko, kama fundi anayeangalia patasi iliyokatika. "Umeharibika," alisema. "Umeshakuwa mwenyeji. Ondoka kwenye kiti."

Nikachukua ufagio nikatoka. Mtu aliyeacha mama yake ng'ambo ya mpaka, anayeitwa Mnika, kwa dharau, na wenye maduka mpaka leo, akiambiwa mbele ya watoto kwamba ameshakuwa mwenyeji, hajui acheke au afanye nini. Nilifagia ukumbi mzima mara mbili.

Tangu hapo Mwalimu amekuwa akitafuta wageni kama watu wengine wanavyotafuta uyoga. Amekalisha nesi mpya, dereva wa lori la vinywaji, padri aliyehamishiwa hapa, mwanamke muuza mikate kutoka Panama. Anakwenda stendi ya basi kuangalia nani anashuka na begi. Kwa magoti yale.

Miaka ya karibuni kazi imekuwa nzito. Wanafunzi huja na simu zinazopiga picha safi kuliko kamera zetu zote, na huamini kwamba hakuna cha kujifunza. Mwalimu huanza nao upya, hedifoni, mikono, hesabu hadi kumi. Mwezi Agosti nilimkuta ameegemea mlango wa studio, macho yamefumba. Nikamuuliza kama anaumwa. "Hapana," alisema. "Nimefika saba, nimeshindwa kwenda nane." Nadhani ndiyo siku aliyoamua.

Wanafunzi wake wako wengi. Keilor ni mpiga picha wa televisheni, na mara zote hubonyeza kitufe mara mbili. Wengine wanapiga harusi, wengine wanauza viatu lakini wanajua kuuliza nani, nini, wapi. Yorleny hakutaka kugusa maikrofoni kwa mwaka mzima. Leo anatangaza redio mjini San José, na wenzake wanamcheka, kwa sababu kabla ya kuingia hewani hutoka nje na kumsomea mlinzi wa geti habari yake. Mlinzi akikaa sana kazini, Yorleny hutafuta mwingine.

Jumatatu iliyopita ilikuwa zamu ya tangazo la sherehe hii. Mwalimu alisema ataliandika mwenyewe, kwa kuwa ni la mwisho. Kitini alikuwa Ninfa, msichana aliyefika Jumapili kutoka Nueva Guinea, huko Nikaragua, amekuja kumenya mihogo kiwandani, mtoto mapajani. Msomaji akasoma: Mwalimu Hermelinda ataagwa Ijumaa saa nane mchana katika ukumbi wa jumuiya, mita hamsini mashariki ya duka la Dona Chayo.

Ninfa aliinamisha kichwa. Alimbana mtoto.

"Sema, mwanangu," Mwalimu alimwambia. "Kwenye kiti hicho hakuna jibu baya."

"Sijaelewa," alisema Ninfa kwa sauti ndogo. "Dona Chayo ndiye nani?"

Duka la Dona Chayo liliungua mwaka 2019. Darasa zima likageuka kumtazama aliyeandika. Nami nilikuwa mlangoni na ndoo, nikatazama dari.

Mwalimu alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku la nyaya. Alicheka mpaka mtoto wa Ninfa naye akaanza kucheka. Kisha akaacha. Akapangusa macho, akasema, "Miaka kumi na moja nawafundisha, na mkono wangu bado unaandika kienyeji. Mmeona wenyewe. Mimi nikiondoka si kitu. Kiti kisiondoke."

Basi na tuseme yaliyopo. Mpaka jarida hili linakwenda kuchapwa, hakuna mwalimu aliyetajwa kushika darasa la video. Chumba kimeombwa kiwe stoo ya vifaa vya michezo. Mkuu wetu, Don Rigoberto Ulate, ambaye ni mtu mwema na atasoma ukurasa huu, amesema jambo linaangaliwa. Mwalimu ametufundisha kwamba "linaangaliwa" si habari. Nani anaangalia? Mpaka lini? Ninfa akisomewa hivyo atasema hajaelewa, na mimi niliyeharibika nasema vilevile.

Sisi wa usafi na bustani hatuna madaraka ya kuajiri mwalimu. Lakini funguo za studio tunazo. Tumekubaliana kwamba kuanzia Februari, robo saa kabla ya saa sita, mlango utakuwa wazi na kiti kitakuwa mahali pake, na mmoja wetu atakwenda stendi kumtafuta wa kukikalia. Atakayekuja kufundisha atamkuta mtu ameketi, anasubiri kusomewa. Asipokuja, mtu huyo atakuwa ameketi hivyohivyo.

Mwalimu Hermelinda, kwa niaba ya walimu, wapishi, walinzi, wanafunzi wa zamani na wa sasa, na watu wa kambini ambao hawajui kama jina lao limewahi kutajwa katika jarida la shule, tunasema asante. Ulitufundisha kwamba kosa linasemwa mahali pale pale lilipofanyika, kwa sauti ile ile. Nenda kapumzishe magoti. Kahawa yako iwe ya moto, mchana wako uwe mrefu, na asikuombe mtu uhesabu chochote. Mbele yako kuwe na wepesi na afya, nasi tutakuwa tunapita kukujulia hali.

Evaristo amepiga simu kutoka Chinandega, amesema atakuja na miguu yake yote, mmoja na robo tatu. Aliniuliza sherehe iko wapi. Nilimjibu kwa maneno yake mwenyewe, na nayaandika hapa kwa ajili ya yeyote aliyefika jana.

Ijumaa, saa nane mchana. Ukishuka basi, mpe mto mgongo. Fuata barabara ya lami mpaka uone nguzo za taa za uwanja. Ukumbi ni huo wenye mlango wa kijani. Viti vipo. Safari hii tutafika sote.

Toribio Mairena Obando
Usafi na bustani